Sheria ya Bartholomayo

Mimi nina hasira. Nalisema mapema ili mtu asije akatazamia kwangu upole ambao sina. Mama alikuwa akisimulia kwamba nilizaliwa nimekunja ngumi, na mkunga, bibi mmoja wa Lulindi, alilazimika kunikunjua vidole kimoja kimoja ili anioshe viganja. Basi ni kwa hasira hiyohiyo nilipanda lori kwenda Newala mwaka wa hamsini na sita, kucheza sataranji na mwanamume aliyeligeuza jina la baba yangu kuwa kichekesho.

Baba yangu, Bartholomayo, alikuwa fundi seremala wa misheni pale Chiwata. Milango, mabenchi ya kanisa, vitanda, majeneza, vyote vilipita mikononi mwake. Ujanani, wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza, alikamatwa akawa mpagazi. Alibeba masanduku ya risasi kutoka Lindi kuja bara, na wenzake wengi walikufa njiani kwa njaa na kuhara. Aliporudi, padre mmoja Mwingereza, mgonjwa wa miguu, alimwomba amchongee kete za sataranji. Alipomaliza kuzichonga, nyeusi kwa mpingo na nyeupe kwa mti laini, Padre hakuwa na wa kucheza naye, akamfundisha fundi wake. Miaka miwili baadaye Padre alifariki akazikwa hapohapo, na ubao ukabaki kwa Baba.

Baba akawafundisha wengine. Kwetu vile vikete vinane vya mstari wa mbele hatukuviita askari. Tuliviita wapagazi, kwa sababu hutangulia na hufa kwanza. Jina hilo alilitoa Baba.

Tena tulikuwa na sheria moja kubwa: ukiwa na cha kula, unakula. Huna hiari. Hilo halikumshangaza mtu yeyote, maana sote tumekulia kwenye bao, na katika bao huwezi kutakata, yaani kucheza bila kula, huku una cha kula. Baba alisema ndivyo Padre alivyomfundisha, na neno la Padre halikuwa na mpinzani pale Chiwata.

Sheria hiyo ilizaa mchezo wa namna yake. Kama mwenzio analazimika kula, unaweza kumwongoza kwa tumbo lake. Hatukuanza kwa kujenga boma la kumlinda mfalme. Tulianza kwa kulisha. Ulimsukuma mpagazi mmoja moja kwa moja mdomoni mwa adui, ukasema, "Karibu," kama mtu aliye kwenye chakula anavyomwambia anayepita njiani. Mwenzio akala. Ukamkaribisha tena, akala tena. Yeye akishiba, wewe farasi wako wameshatoka, maaskofu wako wameshika mishazari, na mfalme wake yuko uchi. Ukimtishia mfalme ulisema, "Hodi." Mfalme akikosa mahali pa kwenda, mchezo umekwisha.

"Mla cha mwenziwe na chake huliwa," alikuwa akisema Che Halfani kila alipoanza kulisha. Halfani, tuliyemwita Che kwa heshima, alikuwa mkulima wa korosho, Mwislamu, rafiki wa Baba tangu ujana, na kwa bao hakuna aliyemfikia kati ya Chiwata na Masasi. Kwa sataranji walishindana na Baba kwa miaka thelathini, kila Jumapili baada ya misa, kwenye baraza ya karakana. Mimi nilianza kucheza nao nikiwa na miaka saba. Nilipofika ishirini na nne nilikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya wasichana, na Baba alikuwa akinishinda mara moja kwa tatu.

Ndipo akaja Mwalimu Dastani.

Alitoka chuo cha pwani, akapangiwa shule ya wavulana. Alikuwa mwalimu hodari, nalisema bila kusukumwa. Lakini alikuwa mtu wa kuamini kwamba jambo likiandikwa ndipo linakuwa kweli. Katika sanduku lake alikuwa na kitabu cha sheria za sataranji, cha Kiingereza, chenye jalada la bluu. Jumapili yake ya tatu alikuja barazani, akamwamkia Baba kwa adabu, akaomba kucheza.

Baba akamsukuma mpagazi. "Karibu, Mwalimu."

Dastani akatoa farasi wake upande mwingine kabisa.

"Mwalimu," Baba akasema, "una cha kula."

"Nimekiona, Mzee. Sikitaki."

Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha wa mgeni. Che Halfani akamweleza sheria taratibu. Dastani akasikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, akatoa kitabu mfukoni. Alikisoma kwa Kiingereza, kisha akakitafsiri kwa sauti ya darasani. Kula ni hiari. Hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba ni lazima.

"Miaka thelathini," akasema akicheka, "mmecheza bao huku mkidhani ni sataranji."

Wanaume kama kumi na watano walikuwa pale, na wengi wao wakacheka pamoja naye. Mimi nilimtazama Baba nikingoja ajibu. Aliziokota kete moja moja akazirudisha kwenye kisanduku chake, akaenda ndani.

Tangu siku ile hakucheza. Che Halfani alikuja Jumapili mbili, akamkuta anapiga randa, akakaa kidogo, akaondoka. Na kule njiani ukazuka msemo. Mtu akijenga ukuta ukapinda, wanamwambia amejenga kwa sheria ya Bartholomayo. Mwanafunzi akikosea kujumlisha, wenzake wanasema hiyo ni sheria ya Bartholomayo. Siku moja binti wa darasa langu mwenyewe aliusema bila kukumbuka kwamba aliyesimama mbele yake anaitwa Ethel Bartholomayo. Nilimwambia akae chini. Kisha nikatoka nje nikasimama nyuma ya darasa.

Mtu aliyebeba risasi za wengine akarudi hai, akachonga mlango wa kanisa anaoupitia askofu, jina lake sasa ni jina la makosa. Nilitaka jambo moja tu, Baba arudi barazani akae mbele ya ubao wake, na watu wafunge midomo.

Mwezi wa Agosti, shule zikiwa zimefungwa, Dastani alibandika tangazo. Kutakuwa na mashindano ya sataranji huko Newala, kwenye klabu ya makarani. Aliliandika kwa mwandiko wake mzuri: *Mashindano yako wazi kwa kila mwalimu na kila karani wa Masasi na Newala.* Chini yake palikuwa na mistari ya kuandika majina. Nikachukua kalamu nikaandika langu.

Alinikuta hapohapo. "Mwalimu Ethel, haya ni mashindano ya walimu."

"Mimi ninafundisha nini, kuku?"

"Sikukusudia hivyo. Nimekusudia walimu wanaume. Wanawake watakuwapo, wataandaa chai."

"Mahali gani pameandikwa wanaume?"

Akasoma tangazo lake mwenyewe tangu juu hadi chini. Nilimwona akitafuta neno ambalo hakuliandika. "Basi njoo," akasema mwishowe. "Ila ujue tutafuata kitabu. Ukisukuma wapagazi wako na kungoja watu wale, utamaliza kete kabla chai haijachemka."

Nilipomwambia Baba, aliacha randa. "Usiende kwa ajili yangu," akasema.

"Amekutukana."

"Dastani hakusema uongo, Ethel."

"Sijasema amesema uongo. Nimesema amekutukana."

Alinitazama kwa muda kama mwenye neno, kisha akarudi kwenye mbao aliyokuwa akiilainisha. Nilidhani ni aibu inayomziba mdomo. Nikazidi kukasirika.

Siku kumi zilizobaki kabla ya safari nilicheza peke yangu kwa sheria ya kitabu, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto, na nikaona ubaya wote wa hali yangu. Kila nilichokijua kilisimama juu ya lile neno *lazima*. Nikimkaribisha adui akakataa, mpagazi wangu anabaki kule mbele kama mgeni aliyefika nyumba isiyomtaka. Ningeweza kujifunza kucheza kwa kujificha, kama kitabu kilivyopendekeza: jenga boma, mfiche mfalme, ngoja. Nilijaribu mara mbili nikachukia. Nikajiambia kwamba nikishindwa, nitashindwa nikilisha.

Lori lililotupeleka lilikuwa limebeba magunia ya chumvi. Dastani alikaa mbele na dereva. Mimi nilikaa juu ya magunia pamoja na Che Halfani na wanaume wengine wanne wa Chiwata waliosema wanakwenda kutazama tu. Tulipanda ukingo wa uwanda wa juu polepole, injini ikilia, vumbi jekundu likitupaka nyusi. Njiani tulipishana na wanawake wanaopanda kutoka chini bondeni na madebe ya maji kichwani. Newala maji ni ya kuhesabia vikombe, na kwenye klabu ile chai ililetwa nusu kikombe kila mtu bila mwenyeji kuona haya.

Wachezaji tulikuwa wanane. Karani wa kwanza niliyepangiwa alikuwa mtu mnene mwenye miwani. Nilimsukumia mpagazi. "Karibu," nikasema.

Akala. Sikumlazimisha mimi, wala kitabu hakikumlazimisha. Alikula wa pili, akala na wa tatu akijifuta kidevu, na kabla ya nusu kikombe changu kupoa mfalme wake alikuwa amekwisha. Nilijifunza hapo kwamba tamaa nayo ni sheria, na haikuandikwa popote. Wa pili, mwalimu wa Mkunya, alikula mara moja tu, akashtuka, akajaribu kutapika alichokula kwa kunirudishia mpagazi mwingine. Naye akashindwa.

Lakini jambo kubwa nililiona nikiwa nimesimama kando, Dastani akicheza na karani mwingine. Yule karani alikuwa ameacha mpagazi wazi kwa makosa, bure kabisa. Dastani alinyoosha mkono kumchukua. Nyuma yake mmoja wa wazee wetu wa Chiwata, ambaye mazoea yalimponyoka, akasema, "Kula." Mkono wa Dastani ukasimama hewani. Masikio yake yakabadilika rangi. Akaurudisha, akasogeza kete nyingine. Alishinda mchezo ule hata hivyo, kwa sababu alikuwa hodari, lakini yule mpagazi wa bure hakumgusa mpaka mwisho.

Nilikunywa chai yangu yote kwa funda moja. Mtu yule alikuwa ametangaza mbele ya watu kwamba hakuna kulazimishwa kula. Sasa asingeweza kula akiambiwa karibu, walau si mbele ya watu wa Chiwata. Alikuwa amejifunga kwa kamba yake mwenyewe, na ncha ya kamba hiyo nilikuwa nayo mimi.

Tulikaa kwa mchezo wa mwisho saa nane mchana. Nilipewa nyeupe. Che Halfani na wenzake walisimama nyuma ya kiti cha Dastani, na makarani nyuma yangu. Nikamtanguliza mpagazi wa mfalme nyumba mbili, yaani miraba miwili, Dastani akafanya vilevile. Nikamsukuma aliye jirani yake, nikamweka mdomoni.

"Karibu, Mwalimu."

Alitabasamu kwa makarani. "Starehe. Nimeshiba."

Makarani wakacheka. Mimi nikawatoa farasi na askofu wangu. Katikati ya ubao pakawa pangu, kwa kuwa mtu aliyeshiba hakupagusa. Tulibadilishana kete mbili tatu za kawaida. Alikula alipotaka mwenyewe, ila nilichomwekea mkononi alikiacha. Akamficha mfalme wake nyuma ya wapagazi, kete ya ngome kando yake, kama kitabu kinavyosema.

Ndipo nikamchukua farasi nikaruka naye mpaka mdomoni mwa askofu wa Dastani. Farasi yule hakuwa na mlinzi. Sikuwa nimekosea hesabu, nilijua kabisa. Kama angemla ningekuwa nimekwisha, na safari yote ile, na vumbi, na jina la Baba.

"Karibu," nikasema, na niliisema polepole ili wazee waisikie.

Nyuma ya Dastani mtu akavuta pumzi. Che Halfani, ambaye hakuwa mjinga hata kidogo, akanong'ona, "Ana cha kula." Dastani akainama juu ya ubao. Akamtazama farasi, akanitazama mimi. Aliona chakula cha bure, na aliona nyuso tano nyuma yake zikingoja kusema kwamba mwisho wa yote amekula kama walivyofundishwa. Tena nadhani aliogopa mtego, maana hakuna mtu mwenye akili anayemwacha farasi hivyo.

"Nimeshiba," akasema. Safari hii hakutabasamu.

Malkia wangu akashika mshazari unaokwenda moja kwa moja kwa mfalme wake. "Hodi." Mfalme akaingia pembeni kabisa mwa ubao. Farasi akaruka tena, akatua karibu na ngome iliyokuwa kando ya mfalme. "Hodi. Na karibu." Kwa ngome ile angeweza kumla. Angeipoteza ngome na bado angekuwa na mchezo wa kucheza, na mtu mtulivu angefanya hivyo. Dastani hakuwa mtulivu tena. Akarudisha mfalme nyumba moja. Farasi wangu akaondoka akaacha mlango wazi kwa malkia, wakabisha hodi wote wawili kwa pamoja. Mfalme akakimbilia tena pembeni kwake.

Sasa mfalme yule alikuwa amezungukwa na watu wake mwenyewe. Mbele yake wapagazi wake, kando yake nyumba moja tu tupu, na baada ya hiyo ngome yake. Nikamwinua malkia, kete kubwa kuliko zote nilizokuwa nazo, nikamweka katika nyumba ile tupu, bega kwa bega na mfalme.

"Hodi," nikasema. "Karibu, Mwalimu."

Makarani wakaguna. Mmoja akasema kwa huruma, "Mwalimu, umempoteza malkia."

Dastani alifungua mdomo. Nadhani alitaka kusema ameshiba. Akaufunga. Mfalme hawezi kumla malkia, kwa sababu farasi wangu ailinda nyumba ile. Mfalme hawezi kukimbia, kwa sababu njia zote zimezibwa na watu wake. Imebaki ngome, nayo ina jambo moja tu la kufanya.

"Fungua kitabu," nikamwambia. "Tafuta kama kuna njia nyingine. Nitangoja."

Hakukifungua, alikijua. Kisha akachukua ngome yake, akamla malkia wangu.

"Lazima," akasema Che Halfani taratibu, kama mtu anayeitikia sala.

Farasi wangu akarudi pale alipotoka. "Hodi." Ndani hapakuwa na wa kujibu, mfalme alikuwa amebanwa na ngome yake iliyotoka kula. Makarani wakapiga makofi. Wazee wa Chiwata hawakupiga makofi. Walipeana mikono wao kwa wao, kama watu waliotoka kushinda kesi.

Dastani aliutazama ubao. "Yule farasi," akasema, "hakuwa na mlinzi."

"Hakuwa naye."

"Ningemla…"

"Ungemla ningekwisha. Lakini hukuweza, Mwalimu. Hiyo ndiyo sheria ya Bartholomayo." Nilisema kwa sauti ya kutosha chumba kizima, na nilifurahi kuisema. Sijatubu hadi leo.

Jumapili iliyofuata baraza ya karakana ilijaa kuliko Pasaka. Habari ilikuwa imefika kabla yetu. Che Halfani mwenyewe aliingia ndani akautoa ubao wa Baba, akaupangusa kwa kanzu yake, akaweka kete. Hata Dastani alikuja. Alisimama nyuma kidogo, kitabu mfukoni, na nilimheshimu kwa kuja kwake. Baba akaitwa. Akatoka na vumbi la mbao mikononi, akakaa mahali pake kwa mara ya kwanza baada ya miezi sita. Nilidhani kazi yangu imekwisha.

"Bartholomayo," Che Halfani akasema, "mtoto wako ameirudisha sheria yetu."

"Hakuirudisha," Baba akasema. "Ameshinda kwa sheria ya kitabu. Ameshinda vizuri. Yetu bado iko pale ilipoangushwa." Akafuta mikono kwenye suruali. "Tena kuna jambo. Padre hakuniambia kwamba ni lazima kula. Alinieleza siku ya kwanza kwamba ni hiari. Nilimsikia vizuri."

Nilihisi uso wangu ukiwaka. Che Halfani akauliza, "Basi nani alisema ni lazima?"

"Mimi."

Baba akamchukua mpagazi mmoja mweusi akamweka kiganjani.

"Tulipobeba mizigo," akasema, "sisi tulitangulia. Wakubwa walikuwa nyuma, kwenye mahema. Sisi tulikwisha, wao hawakusogea. Padre aliponifundisha mchezo huu nikaona ni uleule. Wapagazi wanakufa wote wanane, mfalme yuko pembeni, hajatembea hata nyumba mbili. Nikasema siupeleki kwa watu wetu ukiwa hivi. Nikaweka kwamba kila mwenye cha kula atakula, na mfalme naye hasamehewi. Ukimwekea chakula mlangoni, atoke mwenyewe, aje ale mbele za watu, na yeye apate jua."

"Mbona ukamsingizia Padre?" Che Halfani akauliza. Hakuwa na hasira, alitaka kujua.

"Wewe Halfani, mwaka ule, ungefuata sheria iliyotungwa na mpagazi?"

Che Halfani alifikiri kwa haki. "Nisingefuata."

"Basi ndiyo hivyo."

"Na ulipochekwa, Baba?" Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka. "Miezi sita. Mbona ulinyamaza?"

"Kuitwa mjinga niliweza. Kuitwa mwongo, huku Padre amelala pale ng'ambo ya kanisa, sikuweza. Lakini wewe umepanda Newala kutetea jambo ambalo sikukwambia ukweli wake. Siwezi kukuacha utetee uongo wangu. Ukitetea, tetea kitu changu kweli."

Nilimkasirikia na nilimwonea fahari, vyote viwili mara moja. Miezi yote ile watu walitupa jina lake njiani kama ganda la muhogo, na kumbe walikuwa wakisema kweli tupu bila kujua: sheria ilikuwa ya Bartholomayo.

Dastani akasogea. "Kwa hiyo, Mzee, hii si sataranji." Alisema kwa heshima, lakini alisema, kwa kuwa ndivyo alivyo.

"Kitabu chako ni sahihi, Mwalimu. Sataranji ni hiyo yenu, wala sina ugomvi nayo. Hii ni sheria ya Bartholomayo. Nimeitunga mimi, nikiwa na makovu ya mizigo mabegani, na sitamsingizia mtu tena. Anayeitaka akae. Asiyeitaka, kitabu kipo na njia ipo."

Hakuna aliyeondoka, wala hakuna aliyekaa. Kiti kilichoelekea ubao kilibaki kitupu, na mimi nilikuwa nimeshaanza kwenda kukikalia ili Baba asiaibike. Che Halfani akanizuia kwa mkono. Akavua kofia yake, akakaa, akaiweka gotini.

Baba akamsukuma mpagazi. "Karibu."

Che Halfani akala. Baba akamkaribisha wa pili, akala na huyo. Kisha askofu wa Baba akapita mshazari mzima wa ubao, akatua mlangoni kabisa kwa mfalme wa Che Halfani, peke yake.

"Hodi," Baba akasema. "Karibu."

Che Halfani aliuinua uso wake, akamtazama Dastani, akatazama mfuko wenye kitabu. Kwa kitabu kile angeweza kumsogeza mfalme kando na kumwacha askofu asimame bure. Watu wote pale barazani walilijua hilo sasa. Akamshika mfalme wake kwa vidole viwili, akamtoa nje, akala.